Kulia kwa Maksai

Akinyi mjukuu wangu,

Huku Ndhiwa hatujambo, ila magoti ya nyanya yako. Unauliza kwa nini helikopta yako ya rimoti hupinda upande usioutaka kila inapokugeukia.

Miaka ya sitini, baba alipofariki, mvua ilianza shamba halijalimwa. Mama alishika plau, mimi nikawaongoza maksai nikirudi kinyumenyume, wasinikanyage. Akiita “Kulia!” navuta kulia kwangu, kushoto kwao. Tukaelekea kaburi la baba, kando ya shamba. Mama akawasimamisha.

“Wewe, unawaongoza au unawaogopa? Tazama wanakotazama!”

Nikawapa mgongo, nikichungulia nyuma kila hatua. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Nawe simama nyuma ya mkia wa helikopta kwanza, utazame inakotazama. Mistari yetu ilipinda kama mwandiko huu, lakini mwaka ule tulikula.

Babu yako, asiyejua kurusha chochote