Kipande cha Jina

Cheoram, 5 Oktoba 1976

Kwa mdogo wangu In-hwan,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji yangu, na kwamba magoti ya mama yako, Mama Mkubwa, yamepata nafuu kabla baridi haijaanza. Sisi huku hatujambo. Kifua changu bado kinakohoa makaa, lakini kwa mchimbaji hiyo ni kama mkulima kuwa na udongo kwenye kucha.

Nina habari njema. Baada ya mabinti watatu, mke wangu amejifungua mtoto wa kiume. Nimefunga kamba ya majani ya mpunga mlangoni na kuichomekea pilipili nyekundu, alama ya mtoto wa kiume, nyingi mno, hata jirani akaniuliza, "Dal-su, umepata mtoto au umefungua duka la pilipili?" Kwa sasa tunamwita Mavi ya Mbwa, ili maradhi yampite yakidhani hana thamani. Lakini siku yake ya mia tangu kuzaliwa inakuja, na siku hiyo lazima awe na jina la mtu.

Hapo ndipo ninapokuja kwako. Shamba la baba sikuliulizia, wala nyumba, wala sitauliza. Naomba kipande kimoja cha jina. Baba yetu na ndugu zake wote walikuwa na Sik katika majina yao, maana yake kupanda mti. Ninyi mkapewa Hwan, moto unaong'aa, kwa kuwa mti huzaa moto. Watoto wenu watapewa Gi, msingi wa ardhi, kwa kuwa moto huacha majivu na majivu huwa udongo. Unaona, somo nalijua, ingawa sikufundishwa. Nililisikia nikiwa nje nachanja kuni. Ni mimi peke yangu niliyeitwa Dal-su, jina lisilofuata mtu wala kufuatwa. Mtu wa ukoo akilisikia tu, anajua kwamba mama yangu hakuwa mke wa ndoa.

Ningeweza kwenda ofisini nikamwandikisha Gi mwenyewe. Karani haulizi. Lakini jina la kuiba halivaliki kwa amani. Nataka mwanangu apewe. Wewe ndiye mrithi wa baba, na mwezi ujao ukoo mzima utakuwa hapo kwako kwa tambiko la makaburini. Sema neno moja mbele ya wazee.

Mabinti sikuwaombea, maana kwetu mabinti hawapewi. Mkubwa wao, Sun-ok, ameniuliza, "Baba, mbona langu hukuomba?"

Kaka yako,
Dal-su


Nyumbani, 20 Oktoba 1976

Kwa Kaka Dal-su,

Shikamoo kaka. Mama hajambo kiasi, mpunga tumeshavuna, na matunda ya persimoni tumeyamenya na kuyaanika barazani. Mke wangu naye ni mjamzito, anatazamia kujifungua majira ya kuchipua. Tukijaliwa, watoto wetu watakuwa rika moja.

Hongera sana kwa mtoto. Nilisoma habari ya pilipili nikacheka peke yangu hata Mama akauliza kulikoni. Nikamwambia barua ni ya rafiki wa jeshini.

Kuhusu kipande cha jina, kaka, nimekuelewa. Unawajua wazee wetu, hasa Baba Mdogo Chang-sik, neno kwake halivuki bila kulipiwa ushuru. Lakini nitasema. Siku ya tambiko, wakishakula na kunywa, nyoyo zikilainika, nitasema. Niachie mimi.

Mdogo wako,
In-hwan


Cheoram, 14 Novemba 1976

Kwa mdogo wangu In-hwan,

Hamjambo huko? Shemeji anakula vizuri? Mwambie asiinue mitungi ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, msimu huu, kazi hiyo uifanye wewe, hata wakikucheka.

Mimi na Mavi ya Mbwa tunasubiri. Ameshanenepa, na anapiga kelele zinazomshinda msimamizi wetu wa zamu. Mgodini nimewaambia wenzangu kwamba mwanangu atapewa Gi na ukoo. Pengine nimesema mapema. Mmoja akanijibu, "Wewe ngoja tu. Watu wa nyumba kubwa kuahidi ni adabu, kutimiza ni shida." Nikamwambia huyu ni mdogo wangu. Nilipokuwa natengwa uani siku za tambiko, yeye ndiye aliyekuwa akinifichia mikate ya mchele ndani ya shati na kuniletea, tumbo lote likanata asali. Mtu wa namna hiyo hasahau.

Namtuma Pil-ho, kaka wa mke wangu, akuletee samaki wakavu kwa ajili ya meza ya tambiko. Walianikwa wakaganda na kuyeyuka mlimani majira yote ya baridi iliyopita, nyama yao ni ya manjano na laini. Niliwachagua mmoja mmoja, wote wana vichwa na mikia. Baba aliwapenda hawa. Sijawahi kumwekea kitu mezani kwake, hai wala maiti. Wakiuliza wametoka kwa nani, basi umeshapata mlango wa kuanzia mazungumzo.

Kaka yako,
Dal-su


Nyumbani, 15 Desemba 1976

Kwa Kaka Dal-su,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kuandika. Baridi imekuwa kali na Mama amekuwa akilala muda mrefu karibu na moto.

Tambiko lilikwenda salama. Samaki wako walisifiwa sana na kila mtu. Niliwaweka mbele kabisa.

Lile jambo letu wazee wamesema lingoje kidogo. Mwaka huu kulikuwa na mambo mengi ya makaburi na mipaka, na si vizuri kuchanganya. Mwakani nitalileta tena. Tafadhali usikate tamaa kaka, na usimwandikishe mtoto kwa haraka.

Nakutumia mapersimoni kidogo kwa ajili ya mabinti.

Mdogo wako,
In-hwan


Cheoram, 6 Januari 1977

In-hwan,

Hujambo? Mama Mkubwa hajambo? Mapersimoni yamefika, wasichana wameyala.

Pil-ho hakuondoka siku ile ya tambiko mara alipokukabidhi mzigo. Alikosa treni akarudi kwako, na mwanamke wa jikoni akampa bakuli la mchuzi, akala uani akiwa amekaa chini ya dirisha. Alimsikia Baba Mdogo Chang-sik akiuliza, "Hawa samaki wanono namna hii umewatoa wapi, bwana?" Akakusikia na wewe ukijibu, "Nimewanunua soko la Yeongju, Baba." Kisha akasubiri asikie habari ya jina. Akasikia mnazungumza mipaka, mbolea, na bei ya ng'ombe, mpaka wazee wakaomba viatu vyao.

Pil-ho alinificha mwezi mzima. Nilipokuwa nikisoma barua yako kwa sauti, ile ya samaki kuwekwa mbele, akatoka nje. Ndipo nilipombana.

Ungeniambia uliogopa, ningekuelewa. Mimi huogopa kila asubuhi ninaposhuka shimoni. Lakini umenifanya nisimame mbele ya mke wangu na wanangu nikiwa mtu aliyeomba akanyimwa, kumbe hata kuombewa sikuombewa. Naona haya, In-hwan. Si haya ya kuzaliwa nje, hiyo nimeizoea. Naona haya kwamba niliomba.

Siku ya mia imepita. Tumempa jina. Ninyi na watoto wenu wa Gi mnakaa juu ya ardhi, mimi mkate wangu uko chini yake, na huko chini nilichokikuta ni jiwe. Basi mwanangu ni Seok, maana yake jiwe, Seok-jun. Atakayezaliwa baada yake atakuwa na Seok vilevile. Sun-ok naye nimemwambia akitaka nitamgeuzia. Amesema atafikiri, kwa kuwa na yeye ana kiburi chake.

Usihangaike tena na wazee.

Dal-su


Nyumbani, 17 Aprili 1977

Kwa Kaka Dal-su,

Shikamoo kaka, ingawa sijui kama utaipokea. Natumaini kifua chako kimepata nafuu, na shemeji na watoto wako salama.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichoma. Kila nilipoanza nilijikuta natafuta mtu wa kumlaumu, na wote niliowapata walikuwa wamekaa tu wanakula. Hakuna aliyenikataza. Baba Mdogo aliuliza swali jepesi kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na jibu lake lilikuwa neno moja, jina lako. Niliona wote wamenigeukia na vijiti vyao mkononi, nikaona haya kulitamka jina lako mezani. Halafu tangu siku ile nimekuwa nikiona haya kuwa niliona haya. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo.

Mke wangu amejifungua mwezi uliopita, mtoto wa kiume. Baba Mdogo alikuja na jina tayari, Gi-tae, limeandikwa kwa wino kwenye karatasi nzuri. Nilipolisoma sikuweza hata kumshukuru. Nikaenda kwa Mama, nikamwambia wale samaki walitoka kwako.

Alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nilijua. Soko la Yeongju lini limekuwa na samaki kama wale?"

Nikamwuliza kama Baba Mdogo alijua pia. "Kila mtu alijua. Tulikuwa tunangoja tuone utasema nini. Uliposema vile, tukala."

Kaka, hapo nilitamani sakafu ipasuke. Nikamwuliza mbona hakusema kitu. Akaendelea kupepeta, kisha akasema, "Niseme nini mimi, niliyemnyima Hwan tangu akiwa kichanga? Baba yako ndiye aliyenitia aibu, lakini yeye alikuwa mkubwa, simwezi. Mtoto ndiye aliyekuwa wa kiasi changu." Baadaye akanituma nikalale, kana kwamba bado ni mdogo.

Karatasi ya Baba Mdogo nimemrudishia. Nimemwambia watoto wa ndugu wawili hawawezi kuitwa kama wageni, na kwa kuwa nilishindwa kumleta wako kwenye jina letu, nataka kumleta wangu kwenye jina lenu. Akanijibu, "Yaani mrithi aende kuomba jina kwa mtoto wa nje? Basi mwakani makaburini utakaa safu ya nyuma, na viatu vyetu utavipanga wewe." Nikasema sawa. Kisha nikatoka upesi kabla hajaongeza neno, kwa hiyo usinidhanie shujaa.

Ndiyo maana ninaandika. Naomba kipande cha jina, kaka. Naomba Seok. Ningeweza kwenda ofisini nikamwandikisha, karani haulizi, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jina la kuiba halivaliki. Siku yake ya mia itafika Juni, mwanzoni mwa mvua. Mpaka hapo anaitwa Mavi ya Kuku. Mavi ya Mbwa tuliona ni jina la binamu yake.

Ukikataa, nitajua kwamba nimestahili.

Mdogo wako,
In-hwan


Cheoram, 2 Mei 1977

Kwa mdogo wangu In-hwan,

Hamjambo nyote? Mama Mkubwa vipi na magoti yake? Huku maua ya azalea yamefunguka hata kwenye vilima vya masalio ya makaa, na Seok-jun ameota meno mawili, ananing'ata nayo kidole.

Barua yako niliisoma, nikampa mke wangu, akaisoma, akampa Pil-ho. Pil-ho akasema, "Maneno mazuri. Hata yale ya Desemba yalikuwa mazuri."

Siku ya mia ya mwanao nitakuja na familia yangu yote. Waalike wazee, Baba Mdogo Chang-sik wa kwanza, na umwambie Mama Mkubwa tunakuja, asije akashtuka. Sitapita mlango wa uani. Nitaleta samaki, wenye vichwa na mikia, nitakukabidhi wewe, nawe utawaweka mezani. Kisha nitakaa kimya nile.

Lazima atakuwepo mtu wa kuuliza wametoka kwa nani. Baba Mdogo hawezi kuvumilia. Akiuliza, mimi sitasema kitu. Utajibu wewe. Jina la mtoto nitalitaja baada ya hapo.

Baba Mkubwa wa Mavi ya Kuku,
Dal-su