Nilimuuzisha Mtoto Mbuzi wa Baba Yake

Shangazi Wahu mpendwa,

Ejok, kama wanavyosalimiana Waturkana wa huku. Naomba msaada wako, na naomba usiisome barua yangu redioni mbiombio kama unavyozisoma zile za waume waliohama, kwa sababu hili langu si la mume, ni la mbuzi, na najua wako watakaocheka, lakini mimi tangu Aprili sijacheka.

Mimi ni Mrundi, nimelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma tangu nikiwa mdogo, na sasa naishi nje kidogo ya Lodwar, kwenye shamba lililo kando ya mto Turkwel, ambako sisi wachache tunaendesha biashara ndogondogo, mimi nina mbuzi wa maziwa na ninauza maziwa lala mjini, Baudouin, Mkongo niliyesoma naye kambini, ana kuku wa mayai, wengine wana mboga na nyuki, na kila shule zikifungwa tunafungua kambi ya vijana palepale shambani, wanakuja watoto wa Kiturkana wa huku na watoto wa wakimbizi kutoka Kakuma na Kalobeyei, wanalala kwenye mahema, na hatuna mfadhili hata mmoja, mayai ndiyo yanayonunua unga, maziwa ndiyo yanayonunua mafuta ya gari la kuwaleta, na asubuhi kila mmoja wetu anafundisha kazi yake. Mimi nafundisha mbuzi.

Kati ya wanafunzi wangu kulikuwa na msichana wa Kalemng'orok anayeitwa Christine, mtoto wa maneno machache, lakini mbuzi mkorofi akimwona anatulia mwenyewe. Baba yake, mzee Ebei, alikuja mwaka jana siku ya kufunga kambi akivuta mbuzi jike mweupe mwenye kichwa chekundu, masikio yamechanjwa alama ya kwao, akanikabidhi kamba mbele ya watu wote akasema, "Mwalimu, hii ni yako. Sasa mimi na wewe tuko na mbuzi." Nilishukuru, nikapiga picha naye, nikamwingiza mbuzi zizini na kumvalisha namba sikioni kama wengine.

Shangazi, tangu siku hiyo mzee Ebei akawa hapiti Lodwar bila kuingia kwetu, anamtazama mbuzi, anakunywa maziwa, halafu anaomba, leo tumbaku, siku nyingine sukari, siku nyingine tena akaomba leso niliyokuwa nimejifunga, na mimi mwanzoni nilimpa, baadaye nikachoka, nikawa nikimwona getini na kile kigoda chake mkononi najibanza bandani na kumwambia Baudouin aseme nimeenda mjini. Nilimwambia Baudouin, huyu mzee alitupa mbuzi mmoja ili ale shamba zima.

Sasa likizo ya Aprili kideri kikaingia kwa kuku, Baudouin akazika karibu wote, na kambi ilikuwa imejaa vijana na unga unaelekea kwisha. Mimi nikaona hapa kuna somo. Siku zote nimewafundisha kwamba mbuzi asiyeleta kitu anatolewa kundini, basi nikawaambia wachague wenyewe wa kupeleka sokoni, wakazunguka zizi, wakapima, wakaulizana, na wakamtaja yule wa Ebei kwa sababu alikuwa ameacha kutoa maziwa na mimba ilikuwa haishiki. Kusema kweli walichagua sawasawa na nilivyowafundisha. Nikamteua Christine aongoze kuuza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa bora.

Sokoni alisimama mbele ya Hanad, yule Msomali anayepakia mbuzi kwenda Nairobi, akabishana naye bei hadi Hanad akacheka akaniambia, "Mama, huyu msichana yako atanifilisi, wallahi." Jioni tulipika ugali wa kushiba, nikamsimamisha Christine mbele ya kambi nzima, tukampigia makofi. Yeye aliangalia miguu yake tu. Mimi nikafikiri ni haya za kisichana.

Kabla kambi haijafungwa mzee Ebei akaja. Alienda moja kwa moja zizini, akakaa huko kidogo, akarudi. Nilikuwa nimemwekea chai.

"Mbuzi yangu iko wapi?"

Nikamwambia, "Aliuzwa, mzee wangu. Kambi ilikuwa na shida."

"Nani aliuza?"

Na Shangazi, kabla sijafungua mdomo, Christine, aliyekuwa anaosha ndoo za maziwa, akasimama akasema, "Ni mimi, baba."

Mzee hakufoka wala hakuinua mkono. Aliisogeza chai pembeni bila kuionja, akamwambia mtoto, "Chukua sanduku yako." Wakatoka, yeye mbele, Christine nyuma na sanduku kichwani, na mimi nimesimama pale na birika.

Nilikimbia kwa Hanad. Lori lilikuwa limeshavuka Kitale zamani. "Pole mama," akaniambia, "hiyo saa hii ni nyama ya Nairobi." Nikampigia mama yangu Kakuma nikitafuta wa kunifariji, naye akaniambia kwamba babu yangu kule Burundi aligawiwa ng'ombe na rafiki yake, na mwaka wa njaa aliuza shamba, akauza milango ya nyumba, yule ng'ombe akabaki. "Sikukusimulia hayo?" akaniuliza. Alinisimulia, Shangazi. Alinisimulia mara nyingi nikiwa mtoto, nikayaona ni mambo ya zamani ya nchi nisiyoikumbuka.

Sasa kambi ya Agosti inakaribia. Safari hii Christine ndiye aliyekuwa awafundishe wageni kukamua, mtoto wa kwanza wa kambi kuwa mwalimu wa kambi. Simu yao haipokelewi. Jirani yao anasema siku hizi akitoka shule anachunga peke yake, na vijana wa pale wamempa jina, wanamwita aliyeuza mbuzi ya baba. Mwezi uliopita nilipata kibali cha kusafiri, maana sisi wakimbizi hatusafiri bila hicho, nikaenda Kitale kumtafutia Baudouin vifaranga, na gari lilipopita Kalemng'orok nilijifunika leso usoni kama mtu anayekwepa vumbi.

Baudouin anasema tupakie mbuzi wawili wa kisasa kwenye gari la Kitale, washushwe kwa mzee, tuyamalize. Wengine wanasema tuache, msichana mwingine atafundisha. Mimi sijui.

Na kuna neno sijakuambia. Siku ile ya kuchagua, Christine alinifuata akaniambia polepole, "Mwalimu, lakini hii si ya baba?" Nami nikamjibu kwa sauti, wenzake wote wakisikia, "Kwenye biashara hakuna mbuzi ya baba." Wakacheka. Naisikia hiyo sentensi kila ninapokamua.

Niwatume hao mbuzi wawili, au niache muda upite?

Ni mimi, Sylviane, kando ya Turkwel

*

Sylviane mwanangu,

Pole. Naitanguliza pole kwa sababu nikishaanza kukugombeza sitaipatia nafasi tena.

Sikucheka. Mimi unayenisikia nililetwa Lodwar na ndoa, msichana wa Nyeri niliyefundishwa kwamba mtu wa kuombaomba ni mtu wa kukwepwa. Mashemeji zangu wa Kiturkana waliniomba sufuria, wakaniomba viatu, mmoja aliniomba kijiko ambacho bado kilikuwa kinywani mwangu. Nililia. Mama mkwe akaniketisha akaniuliza, "Wewe ulitaka waombe nani? Mtu wa barabara?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale watu walikuwa wananiambia mimi ni wao, tena kila siku, na mimi nafunga mlango.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Mzee Ebei alikuja, akatazama mbuzi, akanywa maziwa, akaomba leso. Ulidhani anakula shamba. Alikuwa anakutembelea! Alikuwa na rafiki Lodwar, mwalimu wa binti yake, na alitaka kila anayepita njia ile ajue. Wewe ukajibanza bandani. Na katika barua yote hiyo ndefu sijaona mahali popote ulipomwomba yeye kitu chochote. Hata maji ya kunywa. Mzee wa watu alikuwa anavuta kamba upande wake peke yake.

Kwamba mlikuwa na njaa, naelewa. Watoto wa watu wasingekula somo. Lakini ungemtumia neno, ukamwambia, "Ebei, nimebanwa, mbuzi wetu nifanye naye nini?" Nina hakika angekuambia umuuze, na pengine angekuletea beberu juu yake, aende akitamba Kalemng'orok nzima kwamba kambi ya Lodwar imelishwa na yeye. Simu ilikuwa mkononi mwako, Sylviane. Hilo ndilo linaloniuma, na najua linakuuma zaidi.

Hao mbuzi wawili wa Baudouin waache zizini. Baudouin ana moyo mzuri na akili ya kuku. Ukimpelekea Ebei wawili badala ya mmoja, tena wameshushwa na utingo kandokando ya barabara, utakuwa umemwambia hesabu imefungwa na tusijuane tena. Usimlipe. Mtu wa kulipana naye ni mfanyabiashara kama Hanad. Na hao wanaosema msichana mwingine atafundisha, waambie Shangazi amesema wanyamaze.

Kuhusu muda kupita, muda unampitia nani? Kwako unapita ukiuza maziwa lala. Kwa Christine unapita akichunga peke yake na jina alilobandikwa kwa kosa lako. Mtoto alikuuliza swali zuri kuliko somo lako lote, ukamfanya achekwe na wenzake. Halafu ukamtuma sokoni. Halafu ukampigia makofi! Makofi hayo, mwanangu, sijui utayafuta na nini.

Biashara zenu sizibezi. Shamba linalojilisha na kulisha vijana wa watu bila kunyoosha mkono kwa wafadhili, hilo nalisifu hewani hapa na jirani zangu wanasikia. Fundisha mbuzi asiyeleta kitu atolewe, ni kweli kwa mbuzi uliyemnunua. Ila kwenye zizi lako sasa tenga upande wa wale waliokuja na mtu, na Agosti hii uanze somo kwa kuwaambia vijana kwa nini upande huo hauna namba masikioni. Waambie na habari za ng'ombe wa babu yako. Kumbe ulikuwa na mwalimu nyumbani.

Sasa fanya hivi. Kibali kiombe kesho, usiniambie ni kigumu, cha vifaranga ulikipata. Panda gari la Kitale, ushuke Kalemng'orok mchana kweupe bila leso usoni. Beba tumbaku, beba sukari, na ile leso aliyokuomba uende nayo umejifunga ili aione na aichukue. Tafuta mama mmoja wa hapo akupeleke bomani. Ukipewa maziwa, kunywa, hata kama yanakushinda. Ukifika usimkute, kaa. Yeye alikungoja getini mara ngapi na wewe uko bandani?

Na ukishaketi naye, Sylviane, mwombe mbuzi.

Umenisikia. Mwombe. Mwambie, "Zizi langu halina mbuzi wako, naomba mwingine." Utajiona huna aibu hata kidogo. Omba tu. Hakuna namna nyingine ya kumwambia mzee yule kwamba bado unamtaka awe mtu wako. Anaweza kukunyima, ana haki. Basi utarudi mwezi unaofuata uombe tena, na akikunyima tena urudi. Akikupa, hata mbuzi kilema, hata anayekohoa, huyo atazeekea kwako.

Mambo ya Christine kurudi kambini usiyaguse siku hiyo. Huendi kuchukua mwalimu wa kukamua. Atakaporudi, kama atarudi, arudi kwa miguu yake na kwa ruhusa ya baba yake.

Lakini yapo ya kufanya kabla ya tumbaku, kabla ya sukari na kabla ya kuketi. Waombe wamwite Christine asimame pale na asikie, na kama wale vijana waliompa jina wako karibu, nao wasogee. Kuna swali mzee Ebei aliuliza shambani kwako. Aliuliza ni nani aliyeuza mbuzi, na mpaka leo aliyemjibu ni mtoto. Nenda ukamjibu.