Neno Usimeze

Lanet, 14 Januari 2025

Kwako Baba,

Habari za Longonot, na za huo mgongo? Sisi huku tuko salama. Wanafunzi wamerudi bwenini na kelele zao, nami metroni nahesabu mashuka. Naandika kwa sababu kwenye simu hunisikii, na nikipaza sauti naonekana nakugombeza. Basi leo nakugombeza kwa kalamu.

Majibu ya kliniki yametoka. Oktoba figo zako zilikuwa zinafanya kazi asilimia arobaini. Sasa ni thelathini na moja. Daktari aliniuliza, "Huyu mzee anameza nini?" Baba, niliandika kwa kalamu nyekundu nikabandika ndani ya mlango wa kabati: USIMEZE DAWA YA MAUMIVU HATA MOJA. Zinakumaliza figo. Unameza au humezi? Mpe Kipkirui wa lori jibu akileta kabichi za shule.

Binti yako,
Tabby

Longonot, 19 Januari

Kwako Tabby, mama yangu,

Mimi mzima, ng'ombe mzima, ni vumbi tu linatutawala. Umebeba jina la mama yangu na tangu uzaliwe nakuita mama, kwa hivyo ukinigombeza huwa nanyamaza. Lakini hapa nitasema. Sijameza. Zile tembe za mgongo nilizimwaga chooni siku ileile ulipobandika karatasi. Supu ya mizizi ya mganga Kibii niliacha, na Kibii amenuna mpaka leo. Dawa za presha nameza kama zilivyoandikwa. Huyo daktari akaangalie vipimo vyake vizuri.

Mgongo nao hausumbui siku hizi, Mungu ni mwema. Jana nimepalilia mistari sita ya viazi.

Baba yako

Lanet, 9 Februari

Baba,

Hujambo. Sina nguvu ya salamu ndefu.

Asilimia ishirini na nne! Daktari anataja mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki, nawe umekaa pale kwenye kiti unatabasamu kana kwamba umealikwa harusi. Nimechoka. Nimechoka kukutetea kwa watu waliosoma, halafu vipimo vinanisuta. Cheruto wa kwaya amekuona Mai Mahiu ukitoka duka la dawa, na si mara moja. Na bado unaniapia kwamba humezi! Unanidanganya, Baba. Wewe ni mwongo. Kama hutaki kusema kweli, usiniandikie.

Tabby

Longonot, 16 Machi

Kwako Tabby,

Natumai u mzima. Nimekaa wiki tano bila kuandika kwa sababu ulinikataza, na pia kwa sababu nilikasirika. Hata mama aliyenizaa hakuwahi kuniita mwongo, na nilimpa sababu nyingi.

Ndiyo, naenda Mai Mahiu kila Jumamosi. Kipkirui hunibeba. Nilimwambia mwenye duka la dawa kwamba binti yangu amenikataza kumeza dawa ya maumivu. Akasema, "Hakuna shida, mzee. Hutameza, nitakudunga." Ananidunga moja ya takoni, na wiki nzima natembea nimenyooka kama wanajeshi wenu wa Lanet. Sindano haimezwi, Tabby. Nilidhani nakutii. Daktari naye kila mara aliniuliza nameza nini, nikamjibu nilichomeza. Hakuna aliyeniuliza nadungwa nini.

Karatasi yako nimeibandua, imo humu ndani ya bahasha. Isome mwenyewe.

Baba yako

Lanet, 18 Machi

Baba mpendwa,

Pole, na pole tena. Barua yako nimeisomea langoni, Kipkirui akishusha kabichi, nikajikuta nimekaa juu ya gunia. Nilitaka kumkasirikia yule wa duka, ambaye hakuuliza hata kwa nini umekatazwa. Bado nimemkasirikia. Lakini mwandiko ni wangu, na neno ni langu.

Nimempigia daktari. Ni dawa ileile, Baba. Ipite mdomoni, ipite takoni, inafika kwenye figo zilezile. Anasema sehemu iliyokufa hairudi, tulinde iliyobaki, na habari ya mashine tutaijua Juni. Panadol pekee, kwa kipimo alichoandika. Na kokote utakakotibiwa, hata kama ni jino tu, kabla hawajakupa chochote cha kumeza, kudungwa, kupaka au kunywa, sema kwanza: figo zangu ni mbovu.

Nimeomba ruhusa. Naja Jumapili.

Binti yako aliyekuita mwongo,
Tabby

Longonot, Jumamosi 22 Machi

Mama yangu,

Hujambo. Leo ni Jumamosi na sikwenda Mai Mahiu. Kipkirui amepiga honi, nikamwambia asiningoje mimi, angoje barua. Mgongo umerudi na hasira ya miezi yote hiyo. Naandika nimelala kifudifudi sakafuni, ndiyo maana mistari imepinda. Panadol nimemeza mbili, saa iliyoandikwa, na sijaona cha kuzisifu.

Inauma, Tabby. Sitakuficha, usije ukasema tena.

Ukija kesho usilete karatasi nyingine. Chemsha maji, unikande kama alivyokuwa akinikanda mwenye jina lako. Mwongo wako yuko hapa, haendi popote.

Mwanao,
Baba