Mke Mwenzio na Uji wa Baba

Mama,

Palma yetu hii ya Msumbiji hungeitambua. Tangu gesi ionekane huko baharini, helikopta zinapita juu ya paa letu, na watoto siku hizi wanacheza uinjinia, mkubwa wao amejivika sufuria kichwani. Ungekaa chini palepale mchangani uwatazame hadi jua likuchome. Nikisinzia mchana nasikia kandambili zako uani, wala sishtuki. Najua unapita tu.

Miaka yako yote ya kufundisha chuo kikuu, na mimi mwanafunzi wako nikikuita Dotora kwa Kireno darasani na Mama nyumbani, ulikuwa na swali moja: mtoto mdogo anajua lini kwamba babu anapomwita "mke wangu", anamtania? Wenzako walipima watoto kwa picha na wanasesere. Wewe ulikaa mabarazani, maana kwetu utani ni wa mjukuu na babu na bibi yake. Binti yangu Somoe alikuwa hajaota hata jino, tayari ulimwita "mke mwenzangu" na kumgombania Baba.

Ulipofariki, Baba aliacha utani. Hakumwita tena Somoe "mke wangu", na chakula akawa anakidonoa tu. Niliogopa, Mama. Niliona nitakuzika mara ya pili, wewe na utani wako, na Baba juu yake.

Basi nikajitia kutania mimi. Nikamwambia Somoe, "Mume wako huyo amekuacha." Mtoto alilia hadi akatapika. Mimi ni mama yake, nikisema moto unaunguza, unaunguza kweli. Nimesoma kwako miaka yote hiyo, nikasahau kwamba mama hana utani na mwanawe. Baba alinitazama, akaingia ndani.

Nikakumbuka ulivyonishika mkono kila nilipotaka kumsaidia mtoto kujibu. "Usimfundishe. Msubiri." Nikasubiri, roho juu.

Juzi asubuhi Baba alikuwa barazani, uji mbele yake, haugusi. Somoe akatoka amejifunga kanga yako, inaburura chini. Akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"We mume wangu, uji unapoa. Bibi kaniachia kazi mimi."

Kisha akamwangalia usoni, kwa jicho la pembeni, aone kama ameelewa utani. Jicho lile, Mama. Lile ulilolitafuta kwa watoto wote wa pwani hii. Baba alicheka, machozi yakamtoka, akanywa uji wote. "Mke mkali huyu," akasema. Nami nikalia nyuma ya mlango, nikikutafuta nikwambie.

Watu wa kambi ya gesi waliniita niwe mkalimani, na nilikuwa karibu kukubali. Nimekataa. Narudi chuoni kuendeleza swali lako, na kila likizo nitakaa kwenye mabaraza yako, kwa watoto wa hapa na wa wageni wanaohamia.

Pumzika sasa, Mama. Mumeo yuko kwa mke mwenzio. Nitawatazama, na naahidi sitawafundisha kitu.

Mwanao