Siku Niliposema "Nimekubali" Chanzuru

Mzee wangu Salehe,

Shikamoo. Nimengoja kidogo hapa juu ya karatasi, kisha nikaitika marahaba mwenyewe, maana bila hiyo naona barua haiendi.

Nimeoa, Mzee! Wiki mbili zilizopita, Chanzuru, kwao Zuhura. Ungekuwepo ungecheka mpaka kofia ianguke.

Unakumbuka nilivyokujia. Baba alikuwa manamba, ametoka mbali kuja kukata mkonge hapa Rudewa, na mimi kijana wa miaka kumi na saba mwenye kigugumizi ambacho kambi nzima ilikiiga. Asubuhi nyapara akiita majina, mimi nachelewa kuitika, ananiandika sikuja. Siku moja wewe, fundi seremala wa shamba, ulikuwa unapita na msumeno begani. Ukasimama, ukamwambia, "Huyu nipe mimi." Basi.

Karakanani tulikuwa wawili tu. Hukuniambia niseme polepole, kama walivyoniambia wote. Ulinipa randa na ubao wa mninga. "Sukuma, na neno liende nayo." Nikasukuma. Randa ikaenda, na neno likaenda: maji. Ukauliza, "Maji gani?" kana kwamba hakuna ajabu iliyotokea. Na mimi machozi yananitoka.

Miaka mitatu ulinisikiliza hivyo, na hukunimalizia neno hata mara moja. Kuna siku nilitaka kukwambia kuna nyoka kwenye maranda. Mpaka namaliza, nyoka mwenyewe alishaondoka! Tulicheka hadi tukakaa chini.

Ulipofariki masika haya, nilinyamaza. Sikufichi, Mzee. Nilimpelekea mchumba wangu Zuhura habari kwamba tuache uchumba, kwa sababu niliiogopa siku ya ndoa: watu kimya, wote wananitazama, na mdomo wangu umefunga. Akaja mwenyewe kwa miguu, na shangazi yake. Akasimama mlangoni mwa karakana.

"Mzee Salehe alikungoja miaka mitatu," alisema. "Mimi nitashindwa kukungoja neno moja?"

Basi siku ikafika. Baba yake akanishika mkono, akatamka maneno ya kuniozesha. Zamu yangu. "Ni... ni... ni..." Mjomba mmoja akataka kunisaidia, baba mkwe akamkata jicho. Nikafumba macho. Mkono wangu wa kushoto ukaanza kusukuma juu ya goti, kama niko kwenye ubao.

"Nimekubali kumuoa Zuhura binti Hamisi!"

Kwa sauti kubwa mno, Mzee, kuku wakatawanyika uani. Wanawake wakapiga vigelegele kabla shehe hajaanza dua. Baba, ambaye hukuwahi kumwona akicheka, alicheka. Na mkeo alikula sahani mbili za pilau. Ya pili alisema ni ya mumewe.

Sasa karakana ni yangu. Nimempokea binti mmoja, Mwajuma, ambaye mama yake huanika nyuzi za mkonge. Watu wanasema msichana na randa wapi na wapi. Wiki ya kwanza alivunja patasi. Lakini shida yake siyo yangu: huyu anasema bila kupumua! Nilitaka kumwambia anyamaze afanye kazi. Kisha nikatulia nikamsikiliza, nikagundua kwamba katikati ya maneno yote hayo alikuwa anauliza, na maswali yake ni mazuri kuliko niliyokuuliza mimi. Jana amemaliza kiti chake cha kwanza. Kinayumba. Amekikalia siku nzima, hataki mtu mwingine akiguse.

Mwezi ujao tunakwenda naye Mikumi kutia milango ya shule, yeye na mimi, na mama yake amekubali.

Nakuahidi, Mzee: sitamwacha mkono mpaka naye awe fundi wa kuitwa fundi, hata kama atanimaliza masikio. Pumzika kwa amani. Naweka kalamu chini. Ananiita, ana swali.

Mwanao,
Idi