Jina Ulilolipanga kwa Kokwa za Tende

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo, huko kaburini ulikolala Ibra. Nakuandikia kutoka jikoni kwangu Nizwa, humu humu Oman, simu iko mbele yangu, na kila ikitoa mlio naishika upesi. Mjukuu wako Salma anaposwa. Tangu jana tunangoja jibu la watu wa kijana, na linalotungojesha ni jina lako.

Unaukumbuka ule mkeka wa ukumbini? Nilikuwa na miaka tisa, nimerudi skuli nalia kwa kuwa watoto wameniuliza kabila langu nikakosa la kusema. Hukunibembeleza. Ulimaliza tende zako, ukazipanga kokwa mkekani. "Hapa Tipperary, kwetu Ailandi," ukasema kwa Kiswahili chako ulichojifunza ukiwa mwalimu Unguja. "Akina Sullivan ndiko walikoanzia. Wakaja watu wa farasi na mavazi ya chuma, wakatutoa." Ukazisukuma kokwa mpaka pembeni kabisa. "Hapa Cork, na hapa Kerry, kwa babu yangu. Ardhi tuliiacha, jina tukalichukua."

Mama, aliyekimbia Unguja na sufuria moja tu, akacheka. "Kumbe wewe mwenzetu," akakwambia.

Na mimi nikaja kukuficha. Nilipoolewa huku, majirani walipouliza asili yangu nilijibu, "Watu wa Ibra." Wakanihesabu kwa kabila la mama, lenye asili ya Ibra, nami nikawaacha wahesabu. Miaka ishirini na sita, baba. Naona haya hata kuiandika.

Jana wakaja wanawake wa upande wa kijana, kutoka Al Qabil. Unazijua posa za huku: kabla ya mahari huulizwa wajomba wa msichana ni nani. Bibi wa kijana, mzaliwa wa Unguja kama mama, alipokea kikombe cha kahawa akanitazama.

"Na wewe mwanangu, babaako mtu wa wapi?"

Ibra ilikuwa tayari mdomoni. Salma alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya halua, ananiangalia.

"Mtu wa Kerry, bibi. Ailandi. Jina lake Sullivan."

"Kerry ndiyo wapi hiyo?"

Nikamweleza, vibaya, nababaika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakitikisa kikombe, kuonyesha hataki tena, na alikuwa amekunywa mara moja tu, nikaiona dalili mbaya. "Tutakujibuni, inshallah," akasema, wakaaga.

"Usilie, mama," Salma aliniambia. "Wakimkataa babu, wamenikataa na mimi." Lakini asubuhi hii macho yake yamevimba. Anampenda yule kijana.

Naogopa, baba. Naogopa simu ikilia na naogopa isipolia. Ningelisema jina lako tangu siku ya kwanza, leo watu wangekuwa wamelizoea. Nimelifungia miaka yote, halafu nimelitoa siku ya posa ya mtoto. Akiachwa, atakuwa ameachwa kwa woga wangu, si kwa jina lako.

Nimekula tende nne, kokwa nimezipanga kando ya simu: Tipperary, Cork, Kerry, na Ibra uliko wewe. Salma amepita, akazitazama, akala moja, akaiweka kokwa yake mwisho wa safu. "Hii Nizwa," akasema, akakaa karibu yangu.

Simu inalia. Ni wao. Naipokea. Mungu akurehemu, baba.

Bintiyo,
Zuwena Sullivan