Makofi Mawili

Makere, Alhamisi jioni, Aprili 1997



Trela la kliniki lilikuwa linazama kwenye tope, ikabidi tulisogeze hadi kwenye changarawe. Mpango ulikuwa wangu: kwanza tukiingize ndani kile chumba cha ubavuni, kinachosukumwa nje trela likiegeshwa, tukifunge kwa komeo, ndipo Landrova ivute. Dereva, Yohana, haoni nyuma, kwa hiyo tulikubaliana kwamba nikipiga makofi mawili, avute.

Chumba kilikuwa bado nje. Nesi mwenzangu Agnesi alikuwa chini yake, anatoa gogo la kukiegemeza. Akatokea bibi mmoja kuja kutibiwa, akainama, akapiga makofi polepole, salamu yetu Waha. "Mwidiwe!"

Nami, Muha niliyelelewa vyema, nikamwitikia kama ilivyo desturi. Makofi mawili, kwa nguvu.

Landrova ikanguruma, trela likaruka. "Simama! Yohana, simama!" Agnesi alitoka akitambaa, goti limechubuka, gauni jeupe limekuwa tope tupu. Angeweza ku...

Yohana anaapa kwamba ni makofi ya yule bibi. Agnesi naye anamlaumu bibi. Mimi nimenyamaza.

Bibi wa watu alikuja kuniomba radhi, akainama, akapiga makofi tena.

Mikono yangu niliiacha mfukoni.